Njia Ambayo Keji Hakuiandika

Familia ya Lagu inawashukuru kwa kufika, nyinyi majirani wa New Site na nyinyi mama zetu wa Mangateen. Mpendwa wetu Keji Yangi alizaliwa Rejaf, karibu na Juba, tarehe 14 Machi 1979, akakimbilia Uganda na wazazi wake mwaka 1989, akasomea Adjumani, na tangu utotoni alikuwa mdadisi kupindukia, mgeni hamalizi chai kabla hajaulizwa kwao wanaoaje na wanazikaje.

Alirudi Juba mwaka 2006, akafundisha shule, na tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Emilio Lagu, wakajaliwa Betty na Loku. Mwaka 2015 alianza kusomea anthropolojia Kampala, yaani elimu ya kuishi na watu na kuwasikiliza mpaka uyaelewe maisha yao, na mwishoni mwa 2016 akahamia kambini Mangateen, akichota maji na kusonga asida pamoja na waliokimbia vita. Emilio alinuna, lakini nani alimweza Keji?

Alikuwa na desturi ya kuwasomea watu alichoandika juu yao, wakikataa neno analifuta. Tarehe 20 Mei 2017, chini ya rakuba, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, aliwasomea sura aliyojivunia kuliko zote, jinsi familia zilivyopita porini kutoka Lainya hadi Juba, na safari hii, kwa haraka zake, nakala ilikuwa imetangulia kwa profesa wake. Majina ya watu aliyabadilisha yote, lakini vijito na vilima alivitaja kimoja kimoja, naye Mama Poni, mmoja wa waliomsikiliza, akamshika mkono, akamwambia kwamba Lomoro, mdogo wake yeye Poni, bado anavusha watu njia hiyohiyo, na atakayeisoma atajua pa kuwavizia.

Lo, Keji hakungoja kesho! Aliiondoa sura nzima, akamsihi profesa aifute, profesa akaifuta huku akifoka, shahada ikachelewa, wala hilo halikumuuma, kilichomnyima usingizi ni hofu kwamba ameshamponza mtu. Tarehe 2 Julai Lomoro aliingia Mangateen na watu wake wote, wamekonda lakini wazima, wakiomba chakula, na Keji akaketi chini akalia kwa furaha, kisha akacheka, kisha akalia tena.

Shahada aliipata Machi 2018. Figo zilimsumbua tangu Januari mwaka huo, na tarehe 3 Septemba 2018 alifariki nyumbani kwake, Emilio akiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na profesa aliyefunga safari kutoka Kampala. Kijana mliyemwona akitangulia kubeba jeneza ndiye Lomoro. Pumzika kwa amani, Keji wetu, watu wako wamefika.