Mwalimu Serafina Kamili, Aliyemleta Ngisi Shinyanga (1938–1986)

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo hakuwa mtu wa kunong'ona, na habari zake nazo hazisomeki kwa kunong'ona.

Serafina alizaliwa hapahapa Ushirombo tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili wa marehemu mzee Kamili, mkulima, na mama yetu Mbuke. Alianza shule ya misheni mwaka 1947. Akiwa darasa la tatu alirudishwa nyumbani kwa kosa la kupasua chura juu ya meza ya Sista. Baba akamuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini humo?" Akajibu, "Mahali sauti inapotokea."

Alihitimu ualimu Dar es Salaam mwaka 1966, na Januari iliyofuata akapangiwa shule ya sekondari ya wasichana mjini Shinyanga, kufundisha baiolojia. Hukohuko Shinyanga alikutana na Donatus Masele, karani wa mizigo wa stesheni. Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1968, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Marcel.

Waliosoma kwake hawachoki kusimulia mambo ya Agosti 1971. Alikuwa amewaambia Kidato cha Tatu kwamba baharini yuko mnyama mwenye mioyo mitatu, anaitwa ngisi. Darasa likaangua kicheko. Chausiku Shaaban, binti wa muuza vitambaa wa pale mjini, akasimama.

"Mwalimu, samahani. Huu mmoja tu unatusumbua. Yeye mitatu anaipeleka wapi?"

Serafina alicheka nao, lakini usiku ule nyumbani aliisukuma sahani pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumpasua ngisi. Alikuwa amemwona mara moja tu chuoni, ndani ya chupa ya dawa.

"Wanadhani nawatungia hadithi," alimwambia mumewe.

Wiki iliyofuata Donatus aliomba likizo, akapanda treni kwenda Dar es Salaam, akanunua ngisi sita, akawafukia kwa barafu na maranda ndani ya sanduku la bati. Walipofika Tabora injini ikaharibika. Barafu ikawa inayeyuka huku yeye akibisha hodi hotelini na buchani, akiomba nyingine. Treni iliyotarajiwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 19, iliingia Shinyanga saa nane mchana. Serafina alikuwa stesheni tangu kunapambazuka. Alifungua sanduku palepale, akanusa, akaruka juu.

"Wazima!"

"Wamekufa kitambo, Mama Marcel."

"Hawajaoza! Twende, kimbia!"

Mkuu wa shule alikuwa amempa jioni hiyo moja tu, tena kwa sharti: wakinuka, asilete mnyama mwingine maabara. Wasichana waliitwa kutoka shamba la shule, wakaja na udongo miguuni. Walipoiona ile mikono minane na minyiri miwili mirefu yenye vikombe vya kunatia, nusu yao walirudi nyuma hadi ukutani. "Mayo!" akalia mmoja, akimwita mama kwa Kisukuma.

Serafina akampa Chausiku mkasi. "Wewe ndiye uliyeuliza. Haya, ingia."

Chausiku akakata kwa uangalifu ile nyama inayomfunika ngisi kama kanzu, akaifunua. Matamvua mawili yakaonekana, meupe kama manyoya ya kuku. Kwenye shina la kila moja palikuwa na kivimbe kidogo.

"Mmoja," Serafina alisema. "Na huu wa pili. Hii inasukuma damu kwenye matamvua, ikapate hewa."

"Na wa tatu, Mwalimu?"

Wa tatu haukuonekana. Serafina akainama, akainua utando kwa ncha ya sindano, akatafuta, jasho likimtoka. Ndipo Chausiku akapiga kelele, "Huu hapa! Katikati! Mwalimu, huu hapa!"

"Mitatu!" Wasichana walirukaruka, wakakumbatiana, wakagombania mikasi. Walimkuta ngisi ana mdomo kama wa kasuku. Walivuta mgongoni mwake kile kipande kirefu kinachong'aa kama plastiki, wakakichovya kwenye mfuko wake wa wino, wakaandikia majina yao. Mkuu wa shule alikuja kukemea kelele, akabaki ameinama mezani hadi kengele ya chakula.

Mtihani wa mwaka uliofuata haukuuliza ngisi, uliuliza panzi. Wote thelathini na mmoja walifaulu.

Mwaka 1977 alihamishiwa Geita kuwa mkuu wa shule. Wachimbaji wa Nyarugusu walipowaachisha binti zao masomo ili wakaoshe mchanga wa dhahabu, aliwafuata mpaka kwenye mashimo. "Shikamoo baba. Nimemfuata mwanafunzi wangu." Alikuwa tayari kushinda pale juani mpaka apewe mtoto.

Oktoba 1985 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Hospitalini Mwanza alimwomba daktari amchoree ugonjwa wenyewe. Alipochorewa, akasogeza karatasi karibu na macho na kuuliza maswali mpaka daktari akavuta kiti. Ijumaa iliyopita wasichana wanne wa shule yake walikwenda kumpa pole. Aliwauliza wamekwama wapi, akafundisha saa nzima akiwa amelala. Jumatatu, tarehe 9 Juni 1986, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani Geita, mkono wake ukiwa mkononi mwa Donatus.

Ameacha mume, watoto Marcel, Lukresia na Otmar, mama yetu Mbuke, mimi mdogo wake Ignas, na wanafunzi waliojaza malori mawili kuja hapa.

Pumzika sasa, Mwalimu. Amani ya Bwana ikufunike.