Bi. Sekela, Kitenge na Printa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya shule yetu hapa Tukuyu, katibu muhtasi Bi. Sekela Mwambeta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Wasifu huu uliandikwa kwa siri na Mwalimu Obed wa Jiografia. Siri ikaishia kwenye printa, maana kila alipojaribu kuutoa zilitoka alama zisizosomeka, karatasi baada ya karatasi. Akafanya wanachofanya walimu wote hapa: akamwita Bi. Sekela. Bibi huyo akakaa kwenye kompyuta na kujikuta anasoma sifa zake mwenyewe, nyingine za uongo mtupu. Kwa hiyo anayeandika sasa ni yeye, na mtamwia radhi kwa kujiita Bi. Sekela.

Mwalimu Obed alimwita bingwa wa printa. Printa ya kwanza ilipoletwa, Bi. Sekela, mtu wa taipureta, aliambiwa kwamba draiva ni programu inayoelewanisha kompyuta na printa, na elimu yake ikakomea hapo. Printa ikigoma, aliongeza draiva nyingine bila kuondoa ya zamani. Mwishowe Word ilionyesha printa saba katika ofisi yenye printa moja. Tiba yake kuu ilikuwa kuchomoa waya, kuifunika printa kwa kitenge kama mgonjwa wa homa, kunywa chai, kisha kuchomeka tena. Mara nyingi ilikubali, naye akarudi mezani kwake kwa maringo.

Kuna mwaka alifuta draiva moja asubuhi ya mtihani, na ilikuwa ndiyo pekee inayofanya kazi. Mwalimu Jenifer akaandika maswali yote ya Baiolojia ubaoni mpaka mkono ukafa ganzi. Mwalimu Obed ameliita tukio hilo ubunifu.

Safari hii, kwa wasifu huu, kitenge kilishindwa. Lilian, atakayeshika nafasi yake, alifuta draiva zote, akaweka moja inayolingana na printa yenyewe, akatoa ukurasa wa majaribio, kisha akaiweka iwe chaguo la kudumu. Bi. Sekela alisimama pembeni muda wote ameshika kitenge chake.

Tangu hapo printa haijasumbua, na mlango wa Bi. Sekela haujagongwa. Hilo limemuuma kuliko barua ya kustaafu. Zamani walimu walikuja kulalamikia printa, wakaishia kukaa na kusimulia migomba iliyoangushwa na upepo au mtoto anayekataa uji. Sasa anajiuliza kama walimfuata yeye au karatasi zao.

Amefuta "bingwa", "nguzo" na "mama wa teknolojia". Anamshukuru Lilian kwa kuiokoa ofisi, na Mwalimu Jenifer kwa kumsamehe. Kwenu nyote anasema ndaga fijo, asanteni sana. Aya ya mwisho ya Mwalimu Obed alitaka kuifuta pia, akashindwa. Ameiacha kama ilivyo:

Mara nyingi tulipomwita, printa ilikuwa nzima. Tulitaka tu kukaa naye kidogo. Mama, kapumzike kwa raha na afya njema huko kijijini kwako Masoko. Tutakuja kukuona, na hatutaisingizia printa.