Barua Aliyoikalia Siku Tatu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mkuu wetu wa Masjala anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake kwa miaka ishirini na minne. Imeniomba pia niuchangamshe. Nitajitahidi, ila niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: huyu mama namwonea wivu, na sikuanza leo.

Aliingia hapa ofisi ya maji akiwa mchapaji. Mwaka wa tatu akahamishiwa masjala, na mwaka wa kumi na mbili akapewa ukuu. Nafasi hiyo niliiomba na mimi. Jina lake lilipobandikwa ubaoni nilimpa mkono wa pongezi, kisha nikaenda kupanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Ofisi nzima inamwita Dada Mkubwa, pamoja na Mkurugenzi ambaye amemzidi umri. Mimi naitwa "yule mwenzake". Mwaka ule paa lilipovuja, yeye ndiye aliyeleta kamba na vibanio vya nguo kutoka nyumbani, tukaanika mafaili ya wateja ukumbini kama mashuka. Picha ya siku hiyo bado imetundikwa mapokezi. Yeye anaonekana vizuri kabisa, anacheka. Upande wa kushoto kuna mkono umeshika kamba. Ule mkono ni wangu.

Lakini sifa yake kubwa ni barua za kuacha kazi. Kila anayetaka kuondoka hapa hupitia kwake kwanza. Dereva wetu mmoja alimletea barua iliyoanza kwa kusema amechoka na dharau. Dada Mkubwa akaisoma, akamvutia kiti.

"Mdogo wangu, huko uendako wakitaka kujua ulikuwa mtu wa namna gani, watampigia nani simu?"

Dereva akakuna kichwa. Wakaandika upya: anaacha kazi, siku yake ya mwisho ni tarehe fulani, anashukuru, gari na funguo atazikabidhi kwa fulani. Basi. Alipouliza sababu zake ziandikwe wapi, aliambiwa, "Sababu ni zako, baki nazo. Wao wape tarehe." Siku ya kuondoka dereva alipiga picha pamoja na wakubwa.

Na Dada Mkubwa mwenyewe, akiwa amebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu, ameandika barua ya mistari saba. Akatoa taarifa miezi mitatu kabla. Akaandaa maelezo ya makabidhiano, kabati kwa kabati, na kumfundisha mrithi wake, dada wa dirisha la wateja. Siyo mimi, kama mlivyoona. Mkurugenzi aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaomba nakala. Iliniuma. Kuna watu hata kuondoka wanajua kuliko wengine.

Mimi niliwahi kujaribu. Jambo hili tunalijua wawili tu, na Dada Mkubwa ameniruhusu kulisema.

Wote mnajua utaratibu wake: barua ikishaingia kwenye trei, inapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA kabla ya chakula cha mchana, inaandikwa kwenye rejista na kupelekwa juu siku hiyohiyo. Hakuwahi kumpindishia mtu utaratibu huo, awe mkubwa au mdogo. Miaka minne iliyopita nilinyimwa cheo kwa mara ya pili. Nikaandika barua ya kuacha kazi, kurasa nne, nikamtaja kila aliyenikosea hadi aliyenichukulia kiti. Mke wangu hakujua. Wanangu wawili walikuwa bado shuleni, na sikuwa na kazi nyingine popote. Jumanne asubuhi nikaitumbukiza kwenye trei, nikamwona Dada Mkubwa akiichukua, nikakaa kusubiri kuitwa.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya, na kila simu ya ndani ikilia nainuka nusu kitini. Hasira ilikuwa imekwisha, imebaki hofu. Ijumaa aliinuka, akaiweka mezani kwangu. Haikuwa na muhuri.

"Nimeikalia siku tatu," akasema kwa sauti ya chini. "Kama bado unaitaka, nirudishie, naigonga sasa hivi mbele yako."

Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: "Ondoa ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa nne una sahihi nzuri."

Sikumrudishia. Nilikwenda kunawa uso, na niliporudi alikuwa anaendelea na barua nyingine kama vile hakuna kitu. Angegundulika, kazi ingekuwa imemponyoka yeye. Siku ile nilimwonea wivu kuliko siku zote, maana mimi nisingemfanyia hivyo.

Mkuu mpya ni hodari, nimemtazama. Saa nne asubuhi trei yake ni tupu, hakuna barua anayoikalia.

Sasa wivu wangu umehamia kwa shemeji yetu, mume wake, fundi viatu. Miaka yote hii amekuwa akimpata jioni tu, akiwa amechoka, huku sisi tukiwa naye mchana kutwa. Kuanzia Jumatatu atakaa mkabala naye tangu chai ya asubuhi, na mimi nitainua macho nimwone mtu mwingine. Shemeji, hongera. Roho inaniuma kweli.

Dada Mkubwa, asante kwa kazi yako, na asante kwa ile barua. Sote masjala tunakuombea afya, raha na miaka mingi ya kujipumzisha. Ukipita huku mjini ingia ndani, hata kama huna barua.