Shangazi wa Chumba Namba Mbili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni, Msimamizi wa Vyumba vya Kukomazia Matofali atarudisha kofia ngumu, buti na kitambulisho, na hapo atakuwa amekamilisha miaka ishirini na tisa ya utumishi katika kiwanda chetu. Jina lake kamili limo kwenye faili ninalolitunza mimi, karani wa masjala, lakini ukilitaja getini mlinzi atakuapia kwamba hakuna mtu wa jina hilo hapa. Sema Shangazi, na watu watatu watakuelekeza kwa mpigo.

Aliajiriwa kama mmwagiliaji. Enzi hizo tofali likishafyatuliwa lilianikwa uwanjani, likafunikwa magunia, likanyweshwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nyingi kabla ya kuaminiwa kubeba ukuta. Shangazi aliburuta mpira wa maji kutoka safu hadi safu, na aliyekanyaga tofali bichi alikiona cha moto. Meneja mmoja alikatiza uwanjani na viatu vipya, akasindikizwa na mpira wa maji hadi mlangoni pa ofisi yake. Kumbukumbu rasmi zinasema siku hiyo mvua ilinyesha.

Miaka kumi na moja iliyopita, uongozi uliamua tuachane na magunia. Sasa matofali na vile vitofali vya kutandaza njiani vingepangwa kwenye vichanja, vikafungiwa ndani ya chumba kisichovuja, na kulishwa hewa ya ukaa, hii tunayoitoa puani na viwanda vinayoitoa kwenye mabomba. Hewa hiyo hupenya ndani ya tofali, ikashikana na saruji, ikageuka kuwa jiwe. Kazi ya wiki nyingi inakwisha kwa siku moja, na hewa iliyokuwa ichafue anga inabaki ukutani.

Viongozi wetu walihudhuria semina ya siku tatu kuhusu jambo hilo, hotelini. Shangazi hakualikwa kwa sababu alikuwa kazini. Waliporudi, wao walikuwa na mikoba na kofia zenye nembo. Yeye akapewa kitabu cha maelekezo cha lugha ya kigeni. Alikwenda nacho nyumbani, akakisoma kwa mwezi mzima na mpwa wake mwalimu, huku mumewe, fundi cherehani, akiwakatisha kila mara kuuliza kama chakula nacho kinakomazwa kwa hewa.

Kitabu hakikusema yote. Tofali likiwa chepechepe, hewa haipenyi. Likiwa kavu mno, hewa inaingia na kutoka bila hata salamu. Shangazi alijifunza kufinya mchanganyiko kiganjani na kuusikiliza. Mwezi wa kwanza tulivunja matofali elfu mbili, na taarifa ya robo mwaka ikauita "mwanzo wenye matumaini." Mwezi wa nne tofali lilikuwa gumu hata nyundo ikaomba radhi. Ndipo likatundikwa bango getini: Mkurugenzi amenyanyua tofali kwa mkono mmoja, akitabasamu. Tofali lile ni boksi lililopakwa rangi. Lenyewe lilimshinda.

Hewa ya ukaa haina harufu wala rangi, na ni nzito, hivyo hulala chini kama maji. Ukiingia chumbani kabla haijatolewa, unaanguka kabla hujamaliza kushangaa. Kwa hiyo Shangazi alitunga sheria moja: haingii mtu mpaka feni ya kutolea hewa izunguke dakika arobaini na kipimo cha hewa kiseme ndiyo. Ofisi imeniomba, katika toleo hili la jarida la kiwanda, nisiikuze habari ya feni. Nitaiandika kwa ukubwa wake ule ule.

Miaka miwili iliyopita alikuja mgeni rasmi kuzindua Chumba Namba Mbili. Ratiba ilisema saa tano kamili mlango ufunguliwe, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, tunayemwita Haraka, aingie kutoa vichanja, kisha wageni wapigwe picha ndani. Shangazi alitoka maabara akakuta nyaya zinaning'inia palipokuwa na feni. Feni ilikuwa kwenye hema la wageni, inampepea mgeni rasmi. Akakimbilia kipimo, akakuta hakina betri. Betri zilikuwa ndani ya kipaza sauti, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Mkurugenzi.

Haraka alikuwa ameshashika komeo. Shangazi akamtoa kwa bega, akavuta tofali, akalikalia mbele ya mlango.

"Shangazi, wageni wanasubiri," Mkurugenzi alimnong'oneza, akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya wapiga picha.

"Wakisubiri hawafi, mwanangu. Wakiingia ndiyo wanakufa."

"Kipimo kimesema?"

"Kipimo hakisemi. Sauti yake umeishika wewe."

Mgeni rasmi akasogea kuuliza kulikoni. Shangazi akaagiza mshumaa kantini, akauwasha, akaufunga kwenye ncha ya chuma kirefu. Akawasogeza watu wote upande upepo unakotoka, akaufungua mlango upana wa kiganja, akausukuma mshumaa ndani, sakafuni. Ukazimika. Akauwasha tena. Ukazimika tena.

"Ni upepo tu," alisema Mkurugenzi.

"Basi uzime na hiki," Shangazi akajibu, akawasha kiberiti hapo nje. Kikawaka mpaka kikamuunguza vidole.

Mgeni rasmi akauliza, taratibu, "Na mtu akiingia?"

"Anazimika hivyo hivyo, mheshimiwa. Tofauti ni kwamba mtu hawashwi tena."

Mgeni rasmi alirudi nyuma hatua tatu. Walinzi wake walirudi saba. Mkurugenzi, kwa wepesi unaostahili pongezi, akainua kipaza sauti na kuwatangazia wageni kwamba wametoka kushuhudia onesho maalumu la usalama lililoandaliwa na uongozi. Tukapiga makofi.

Nilimkuta Shangazi baadaye nyuma ya stoo, amekaa peke yake. Nikamwambia asijali, Mkurugenzi atasahau.

"Simuwazi yeye," akasema. "Haraka ndiye angetangulia. Watoto wake watatu, karani. Ningeanzia wapi kumwambia mkewe?"

Wiki iliyofuata barua mbili zilipita masjala siku moja. Ya kwanza ilimjulisha Mkurugenzi kwamba ameshinda Tuzo ya Usalama Kazini. Ya pili ilimpa Shangazi onyo kwa kuchelewesha ratiba na kutumia mshumaa wa kantini bila kibali. Nilizigonga muhuri zote mbili kwa mkono huu huu, na naona aibu mpaka leo. Shangazi aliisoma yake amesimama, akasaini, akaandika chini: "Nimepokea. Mlango bado naulinda."

Kesho yake Haraka alileta barua masjala. Alikiri kwamba naye aliutumia ule mshumaa. Akafuata mpiga koleo, akakiri. Wakaja wa mashine ya kufyatulia, wa maabara, wapishi wa kantini, hadi mlinzi wa getini ambaye siku ile hakuwapo. Kufikia Ijumaa nilikuwa na barua thelathini na nne za watu waliotumia mshumaa mmoja. Ya thelathini na tano niliiandika mimi. Utawala ukapiga hesabu ya kuchapa maonyo yote hayo, ukaona ni heri kufuta moja. Feni ikarudishwa, ikachomelewa ukutani, na taarifa ya mwaka ikakuita kuchomelea huko "mpango mkakati."

Tangu hapo hakuna aliyeanguka katika vyumba vyetu. Vitofali vyake viko mbele ya hospitali, shuleni na sokoni, na watu wanavikanyaga bila kujua wanatembea juu ya moshi.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwake na mzigo wa vitofali, tukamtandazia njia kutoka barabarani hadi kizingitini. Mumewe alitushika mikono mmoja mmoja. Shangazi akatoka na kanga mabegani, akapiga magoti, akaweka pima maji juu ya njia yetu. Kisha akatuomba tung'oe safu mbili tuzipange upya. Tulizing'oa, na Haraka ndiye aliyemshikia kamba ya kunyooshea safu.

Shangazi, asante kwa kutukatalia. Wafanyakazi wenzako tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za kukaa barazani bila kuchunga mlango wa mtu.