Nani Atamjibu Mama

Zzzip. Kimya. Halafu zzzip tena, zipu ya begi la mwanangu, usiku watu wote wamelala, na mimi nimebana pumzi kitandani kama mwizi ndani ya chumba chetu wenyewe. Asubuhi nachungulia kabatini, magauni yote niliyomshonea ya chuo yamerudi rafuni, yamekunjwa vizuri, na basi lake ni kesho alfajiri! Nilimzaa mwaka ule ule niliomaliza kidato cha nne, tumekua pamoja na huyu, ni binti yangu na ni kama mdogo wangu, lakini sikumuuliza kitu, niliogopa jibu. Nikaenda kufungua kibanda changu cha cherehani, na nje ya kibanda kuna benchi, na benchini wapo wale wale: Hakimu, kinyozi anayetoa hukumu kwa kila kitu, Tanki, fundi bomba ambaye tumbo lake halijawahi kukataa kahawa, na shangazi Birika, mwenye hiyo kahawa. Nikawamwagia yote hata sijafunua mashine.

— Kuna mwanaume, — Hakimu akakata shauri.

— Mwanaume wa wapi? Mtoto hata simu anapokea mbele yangu!

— Ndio hao hao. Ameambiwa njoo mikono mitupu, nguo nitanunua mimi. Kesi imekwisha.

— Haijaisha, — Tanki akasogeza kikombe. — Dada Sindano, mimi naliangalia kifundi. Maji yakirudi nyuma, jua mbele kumeziba. Huko chuoni kuna kitu kimeziba.

— Kimeziba nini?

— Chuo chenyewe. Hakipo. Wewe umekiona?

— Nimeona picha.

— Picha! Hata mimi nina picha nimevaa tai.

— Acheni kumtisha mwenzenu, watu wazima nyie, — Birika akasema. — Labda wanavaa sare.

— Shangazi, hapo hapo! — Hakimu akaruka. — Nani anavaa sare na kusafiri bila mzigo? Majasusi! Wanawachukua wakiwa wabichi, wenye hesabu kali. Hesabu zake vipi?

— Kali sana, — nikasema, na jasho likanitoka kwapani.

— Basi humwoni tena. Na ukimwona atakuwa na masharubu.

Wakacheka, na mimi nikajaribu kucheka, mdomo ukakataa. Kwa sababu kuna kitu sikuwaambia. Nilipoona yale magauni rafuni, kabla hofu haijafika, moyo wangu uliruka kwa furaha. Furaha kabisa! Mimi niliyeshona mpaka vidole vikaota sugu ili huyu mtoto asome, sasa anataka kubaki na moyo unapiga vigelegele. Mama gani huyo? Nikaona machozi yanakuja, nikawaambia naenda kununua uzi, nikazunguka na kuingia kibandani kwa mlango wa nyuma, nikajificha nyuma ya pazia wanapojaribia nguo wateja. Nikasikia sauti ya mwanangu.

— Shikamooni. Mama yupo?

— Marahaba, mwanangu. Amekwenda kununua uzi, — Birika akamjibu.

— Afadhali. Wajomba, nina swali.

— Uliza, — Hakimu akajikohoza. — Hapa hakuna linaloshindikana.

— Mama hajawahi kulala peke yake chumbani, maisha yake yote. Kwao alilala na dada zake, halafu akanipata mimi. Kila usiku taa ikizimwa ananiuliza, "Umelala?" Namwambia, "Bado, mama." Akisikia hivyo ndipo anapata usingizi. Sasa nikiondoka, nani atamjibu?

Nilisikia kijiko cha Hakimu kikizunguka kikombeni, kinazunguka, kinazunguka, na sukari yenyewe huwa hatii.

— Awashe redio? — Tanki akajaribu.

— Redio haijibu, mjomba.

— Kweli. Haijibu.

— Basi siendi. Nguo nimeshatoa. Nitaomba tena mwakani.

Mwakani! Nani amewahi kuona huo mwakani? Nikauma pindo la pazia nisipige kelele. Angebaki, na leo ningelala, na kesho ningelala, ningelala vizuri kweli, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko majasusi wote wa Hakimu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka kibanda mbio, nikatokea barabarani natembea taratibu kama mtu ametoka dukani.

— Uzi uko wapi, mama?

— Umeisha. Na wewe mbona hujafunga begi? Toa vitu vyako, shangazi anataka kuingiza vyake.

— Shangazi gani?

— Huyu hapa Birika. Anahamia kwetu kesho. Kwani sijakwambia?

Birika akabaki na birika hewani. Akanitazama. Nikamtazama, na sijui macho yangu yalisema nini.

— Eee, — akasema. — Kitanda chako nachukua mimi. Ila nakoroma, nimeshamwonya mama yako.

— Na wajukuu zako unaolala nao? — mwanangu akauliza.

— Wana mama yao.

— Mimi ndiye niliyewashauri, — Hakimu akachomekea.

Mwanangu akawaangalia mmoja mmoja, akamrudia Birika.

— Uwe unamjibu, shangazi. Hata ukiwa na usingizi mzito.

— Nitamjibu, mwanangu.

Akaondoka anatembea, halafu nikaona anakimbia, mbio zilezile za kutoka shule. Alipokata kona nikakaa benchini, mimi ambaye sikai pale hata siku moja.

— Dada Sindano, — Birika akanong'ona, — wale wajukuu hawalali bila mimi.

— Najua, shangazi.

— Sasa kesho usiku?

— Sijui. Sijui kabisa. Ila yeye asijue. Hata akipiga simu, hata akiwabana, hata akilia.

— Mimi sina mdomo, — Tanki akasema.

Hakimu akaweka kikombe chini. Mara hii hakukohoa.

— Hatumwambii mtu, dada. Hata wateja wangu wa kunyoa.