Jiwe la Shabu Lilipokataa

Shaphane ni mji wa shabu. Mlima wetu ni shabu, na hakuna nyumba isiyokuwa na kipande chake karibu na beseni. Ukijikata, unakilowesha, unapaka, kinauma, damu inakoma, unaendelea na shughuli zako. Benchi letu liko mlangoni kwa kinyozi, Fundi Nazmi. Hapo utamkuta Rifki, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Dursun Hapana, ambaye hajawahi kukubaliana na binadamu. Mzee Satilmish, mgane mpole. Na mimi, niliyepika shabu tanurini mpaka mgongo ukagoma. Asubuhi hiyo ya msimu wa cheri, Mzee Satilmish aliingia kunyolewa ndevu, wembe ukamgusa chini ya kidevu. Mchubuko tu. Fundi akapaka jiwe, akaendelea na maneno yake. Damu nayo ikaendelea na yake.

— Limekataa, Fundi akasema, akapaka tena.

— Shabu ya hapa haikatai, nikamjibu kutoka kwenye benchi. Mkono wako ndio umezeeka.

— Hili jiwe ulinipa wewe!

Tukaingia ndani sote, vikombe mikononi. Taulo begani kwa mzee lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu.

— Ongeza kidogo kidogo, Redio akashauri. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, Dursun akamkata. Huyu anavuja!

— Basi usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukuta kwenye shingo ya mtu? Halafu atameza vipi?

Mzee Satilmish akacheka, na kucheka kukaitoa damu zaidi.

— Jamani msinichekeshe.

Redio akachota machicha ya kahawa kwa kidole, akayapachika kidevuni. Yakakaa kitambo, kisha yakateleza na damu mpaka kwenye kola.

— Kahawa yenyewe ilikuwa na sukari, akajitetea. Damu inapenda tamu.

— Leteni utando wa buibui, nikasema mimi. Bibi yangu alikuwa anatumia.

— Kwa Nazmi hakuna buibui, wote wamekufa kwa marashi yake, Dursun akasema. Hapa dawa ni ufunguo wa chuma, wa baridi, kisogoni.

— Huo ni wa pua!

— Damu inajuaje kama imetoka puani?

— Ni mwezi, Redio akapaza sauti. Mwezi ukiwa mpevu damu inajaa kama bahari.

— Bahari umeiona wapi wewe? Hata ukienda Gediz tu, mji wa jirani, unatapika njiani!

Tulikuwa tunapiga kelele, na kelele zilitusaidia tusitazame lile taulo. Mimi nilitazama. Nimeamini jiwe lile maisha yangu yote, lilinisomeshea watoto. Sasa lilikuwa mkononi mwa Nazmi, limegeuka rangi ya waridi. Mzee alikuwa ameacha kucheka.

Hapo akaingia mama mmoja mgeni, mnunuzi wa cheri kutoka Izmir, kuuliza njia ya sokoni. Alipoiona damu, hakuuliza tena. Alichukua taulo safi rafuni, akalikunja, akaligandamiza kidevuni kwa nguvu.

— Baba huyu anatumia dawa gani? akatuuliza.

Redio akamtazama Dursun. Dursun akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Tunajua Mzee Satilmish alikoposa, tunajua punda wake wa kwanza alikufa kwa nini. Hilo hatukulijua.

— Za moyo, mzee akasema mwenyewe, taratibu. Tangu majira ya baridi yaliyopita. Daktari alisema zinaifanya damu iwe nyepesi.

— Mbona hukutuambia, kaka? Sauti ya Redio ilikuwa imeshuka.

— Mngeanza kunionea huruma. Nyumbani nina ukimya wa kutosha. Nikija hapa nataka kutukanwa.

Yule mama alisema taulo lisiachiwe hata kidogo, na mzee apelekwe hospitali. Tukampakia kwenye gari la mama huyo katikati ya makreti matupu. Dursun ndiye aliyeshika taulo njia nzima mpaka hospitali ya Gediz. Kila nilipotaka kumpokea alisema hapana.

Daktari akashona, akampima damu, akasema alale pale chini ya uangalizi. Dawa ilikuwa imemzidi, atapunguziwa. Muuguzi akatutokea barazani.

— Nani ndugu yake hapa?

Mwanawe yuko Ujerumani.

— Mimi, Dursun akasema, shati lake lote damu.

— Ndugu kivipi?

Dursun akafikiri.

— Tunagombana kila siku.

Muuguzi akamtazama juu mpaka chini, akamfungulia mlango.

— Pita. Usimchekeshe, nyuzi bado mbichi.