Fundi Peniel na Amplifaya Zisizokufa

Wasikilizaji wapendwa, leo naomba mpunguze kidogo kelele za jikoni na za dukani. Tunamkumbuka Peniel Njiku, fundi redio wa Ihanja. Fundi Peniel alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na tisa. Ameacha mjane, Mama Winfrida, na binti mmoja, Hana.

Wengi mlimjua kwa kazi moja. Alitengeneza amplifaya za zamani, zile nzito za miaka ya sabini na themanini, ambazo ukibeba moja peke yako kiuno kinakukumbusha wiki nzima. Mnazipenda. Mnasema sauti yake imeshiba, besi inatulia, na mwimbaji anasikika kama amekaa kwenye kochi lako. Ni kweli. Mnasema pia hazifi. Hilo si kweli, wasikilizaji, na mimi nimelisema hapa hapa redioni zaidi ya mara moja. Naona haya.

Zinakufa. Kapasita, vile vikopo vidogo vya ndani vinavyotunza umeme, zinakauka. Vumbi letu la Singida linaingia kwenye volyumu, ukiizungusha inakwaruza. Umeme ukikatika ukarudi kwa hasira, transista zinaungua. Na za kubadilishia siku hizi nyingi ni feki. Unaifunga asubuhi, mchana inanuka moshi.

Fundi Peniel alikuwa na tabia yake. Mwenye mali akija kuchukua amplifaya na kuuliza ilikuwa na nini, jibu lilikuwa moja: "Vumbi tu." Kumbe amebadilisha nusu ya vitu vya ndani. Hakutaka mashine ya zamani ivunjiwe heshima mbele ya sabufa za juzi.

Winfrida alikuwa akimwona. Alimwona ameinama na pasi ya kulehemu, mgongo umepinda, macho yanachuruzika machozi. Vipuri vizuri vilipokosekana, Peniel aliingia sebuleni na bisibisi. Palikuwa na amplifaya yao wenyewe, waliyoinunua mwaka aliozaliwa Hana. Akatoa kapasita mbili, akazifunga kwenye ya Mzee Idrissa wa Singida mjini. Spika ya kushoto pale nyumbani ikanyamaza. Mwaka uliofuata akatoa transista, akazifunga kwenye ya kwaya ya Ihanja. Ya kulia nayo ikanyamaza.

"Baba Hana," Winfrida alimwambia, "waambie watu ukweli. Waambie vitu hivi vimechoka, na wewe umechoka."

"Nikiwaambia, watazitupa."

"Usipowaambia, watakumaliza wewe."

Alicheka, akakohoa, akarudi kwenye meza yake. Mwaka jana kifua kilipombana, hakuweza tena kukaa kwenye kibanda chake cha ufundi. Watu wakamfuata mpaka kitandani. "Ni vumbi tu, Fundi, lipulize mara moja." Walikuwa wanaliamini neno lake mwenyewe. Winfrida ameniambia maneno hayo yalimuuma yeye kuliko tusi. Mumewe aliamka, akatengeneza.

Tulimzika Alhamisi. Kwaya ilileta amplifaya yake pale uani, na ilipiga vizuri, lazima niseme. Bwana Sostenes, mwenyekiti wa kwaya, ni mtu mwema. Alishika kipaza sauti kutoa rambirambi, akaipigapiga ile mashine mgongoni.

"Ndugu waombolezaji, hii ndiyo mashine. Miaka thelathini na nane haijaguswa, zaidi ya kufutwa vumbi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Winfrida alikuwa kwenye mkeka, katikati ya wanawake wenzake. Mjane kwetu hanyanyuki kujibu salamu za msibani. Yeye akanyanyuka.

"Imeguswa, Mwenyekiti," alisema. "Mume wangu ameigusa mara kumi na moja. Humo ndani mna vitu vya sebuleni kwangu."

Sostenes alishusha kipaza sauti. "Mama, mbona hakutuambia?"

"Aliogopa mtazitupa. Sasa mmejua. Zitupeni au mzitunze, ni zenu. Ila msiseme hazikuguswa."

Akaketi. Hana akamfunika mabega kwa kitenge.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Winfrida, kwa Hana, kwa ukoo wote wa Njiku na kwa watu wa Ihanja, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awashike mkono katika siku hizi. Na ninyi mnaonisikiliza, leo tazameni kitu kimoja nyumbani mnachosema hakijawahi kuharibika. Mjiulize ni nani anayekihangaikia.

Mimi nimejiuliza. Studio hii ina amplifaya kama zile. Fundi Peniel alikuja hapa mara nyingi, hata idadi siikumbuki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwonyesha mashine ilipo. Siku zote hizo sikuwahi kumwambia, Mzee, keti kwanza.